Kahawa Isiyotaka Kukauka

Jumatatu, 5 Mei 2025

Tumebaki wawili! Masera Gaudensia, mtawa wa shule ya Mushasha, anatafuta mtu mmoja wa kumchorea picha za mimea za darasani. Ni mimi au Jeska, jirani yangu. Atakayechaguliwa anapata meza, asubuhi tulivu, na nafasi ya mtoto kwenye chekechea palepale. Jeska hana hata mtoto! Nafasi ni ya Ursula wangu.

Mtihani: kuchora tawi la kahawa, Jumamosi. Kwanza njano, rangi ya joto. Ikauke. Kisha nyekundu. Ikauke. Mwisho buluu nyepesi, rangi ya baridi, upande wa kivuli, tunda lionekane mviringo. Usiposubiri, masera anasema, unapata tope. Kusubiri! Hajawahi kuishi na mtoto wa miaka miwili.

Jumanne, 6 Mei

Mume wangu Longino amerudi kutoka kwa mama yake, kijijini Gasorwe kule Muyinga, na tawi zuri. Ursula kang'oa matunda matatu kabla sijanawa mikono. Nimemnyang'anya. Kalia. Nimembeba mpaka akanyamaza. Matunda sikumrudishia.

Nimepaka njano. Manyunyu nje. Haikauki.

Jumatano, 7 Mei

Akili! Nimeishika karatasi juu ya jiko la makaa. Imekauka. Imejikunja pia, kama sambusa, na pembe moja imeungua. Longino kauliza ni nini kinaungua. Nimemwambia ni sanaa. Kasema basi niikoroge, inashika chini.

Alhamisi, 8 Mei

Nyekundu ya Jeska imeshakauka, naye amekaa tu anamenya viazi! Nimempelekea Ursula, nikidai nina homa. Mtoto huyu atamvurugia kila kitu.

Kalala! Kwangu halali hivyo. Jeska kaendelea na buluu yake polepole, nami nimesimama nyuma ya ua wake mchana kutwa nikisubiri kelele. Yangu sikuigusa. Nilipomchukua mtoto, Jeska kasema, “We dada, huyu mtoto iko mpole sana! Umulete kila siku.”

Jumamosi, 10 Mei

Asubuhi nimepaka nyekundu. Ursula kanivuta sketi. Nikapaka buluu juu ya nyekundu mbichi, nikaipepea njia nzima mpaka Mushasha.

Masera kavaa miwani. Kauliza, kwa upole, kama nimechora kahawa iliyokwisha kukaangwa.

Kachaguliwa Jeska. Papo hapo kaomba ile nafasi ya chekechea apewe Ursula. Masera kakubali. Nimeshukuru kwa sauti ndogo. Najua anachotafuta Jeska: anataka nimwone mtu mwema.

Jumapili, 11 Mei

Masera kanionea huruma. Kasema nimletee mchoro wa jani moja tu wiki ijayo, na kila tabaka likauke kwanza. Nimewaza misa nzima. Kosa langu nimeliona: kupaka rangi moja moja. Ndiko kulikonichelewesha! Leo nimechanganya njano, nyekundu na buluu kwenye kikombe kimoja, nikapaka mara moja, nimemaliza. Sasa hivi ni kahawia tupu. Si kitu. Ikikauka, kila rangi itakwenda mahali pake.