Naona Vizuri, Baba

Jumanne, 4 Novemba

Ko! Sauti moja tu, ya kitufe cha kibodi kuukuu ya Baba. Imeniganda sikioni tangu asubuhi na haitoki.

Nieleze kwa utaratibu. Ijumaa Baba anapasuliwa koo. Daktari amemkataza kuzungumza, labda maneno mawili matatu. Kwa hiyo kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa miaka minne, hawezi kunisomea. Hata angeweza, asingenisomea. Alikuwa karani wa mahakama. Anaamini hati husomwa kwa macho. Anataka niione Sura ya Nne. Ni ya Mama. Mama alifariki nikiwa na miaka miwili, simkumbuki hata kidogo. Sura hiyo nimeisubiri maisha yangu yote.

Dada, anayeishi naye, alisema ataitia kwenye flashi na kunitumia. Nikakataa. Flashi huleta virusi! (Ukweli: Dada angeisoma kabla yangu.) Nikamwambia Baba anipigie kwa ile programu ya ujumbe, kompyuta kwa kompyuta, kisha anionyeshe skrini yake. Mambo hayo niachieni mimi, nikasema. Nina shahada mbili. Zote za falsafa, lakini Baba haoni tofauti.

Saa nne akapiga. Akaonyesha skrini. Kwangu ikaja nyeusi ti! Akauliza, sauti ikikwaruza, kama naona. Dada alikuwa nyuma yake. Nilimsikia akichekea puani. Nikasema naona vizuri, Baba.

Nusu saa nzima! Yeye anapandisha kurasa, mimi naguna kila inapofaa kuguna. Mwishoni akauliza kama hii haijazidi, aifute? Nikadhani ni sentensi. Mhariri yeyote makini husema kata. Nikajibu kwa uzito wote wa usomi: futa, Baba.

Kisha: ko!

Jumatano, 5 Novemba

Mkakati. Nitatibu weusi huo kimyakimya, halafu nimwombe Baba tupitie tena, "kwa makini zaidi". Hakuna atakayejua.

Nimeazima kompyuta ya jirani, fundi cherehani. Nikaziweka mbili mezani, nikajipigia mwenyewe. Balaa! Sauti ya moja ikaingia kwenye nyingine, ikarudi imekua, ikaingia tena, mpaka ukawa ukelele. Jirani akagonga ukuta akiuliza nani anachinjwa humo. Nikazima vipaza sauti. Nikaonyesha skrini. Ikaonekana! Ndani yake skrini, ndani yake skrini nyingine, na katika kila moja mimi, mdogo, mdogo zaidi, hadi punje. Nilijitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Hitimisho: kwangu hakuna tatizo, basi tatizo liko kwa Baba. Nikamwandikia maelekezo ya hatua kumi na saba, nikayaita matengenezo ya kawaida. Azime, awashe, achomoe, achomeke. Dada akajibu kwa niaba yake. Alisema mgonjwa ameshatambaa chini ya meza mara mbili kutafuta waya, na kama profesa anataka kuua, apande gari aje aue kwa mkono wake.

Wivu.

Alhamisi, 6 Novemba

Baba akapiga. Bado nyeusi. Nikasema naona, ila rangi zimefifia kidogo.

Dada akasogeza kiti. Akauliza, na haya maandishi ya manjano hapa chini je, yanayosema programu haina ruhusa ya kuonyesha skrini? Yapo tangu Jumanne. Alinyamaza kwa sababu alidhani profesa anayaona. Akabonyeza ruhusu. Akafunga programu, akaifungua upya. Dakika mbili!

Skrini ikawaka. Ukurasa wa yaliyomo. Sura ya Kwanza. Sura ya Pili. Sura ya Tatu. Sura ya Tano.

Nikauliza ya Nne iko wapi.

Baba akanong'ona kwamba mimi ndiye niliyesema aifute. Kurasa thelathini na moja. Aliona uchungu umezidi humo, akaogopa kuniumiza, na mimi, mwanawe msomi, nikaafiki. Nikauliza kuhusu pipa la taka la kompyuta. Hulimwaga kila jioni, mazoea ya ukarani. Nakala nyingine? Ingekuwepo kwenye flashi.

Dada hakucheka. Heri angecheka. Aliniuliza, taratibu, Jumanne niliona nini hasa.

Nikasema mtandao ulikatikakatika.

Ijumaa, 7 Novemba

Upasuaji saa tatu. Mimi kazini kwangu maktaba, zamu ya asubuhi, nikibandika namba kwenye migongo ya vitabu. Nimezibandika juu chini. Saa saba Dada akaandika: ametoka, yu hai, sauti haijulikani kama itarudi.

Nikalia chooni. Nikanawa. Nikaapa: sitasema tena naona ilhali sioni. Kiapo nimekiandika hapa na kukipigia mistari miwili.

Jumapili, 16 Novemba

Baba yuko nyumbani. Sauti haikurudi. Lakini ameanza kumwandika Mama upya! Ukurasa mmoja kwa siku tano. Dada akanieleza kwa niaba yake: kuna aya mbili za mwanzo, Mama wa namna mbili, na Baba hana nguvu za kuendeleza wote wawili. Nichague mimi. Asiyechaguliwa atafutwa.

Baba akaonyesha skrini.

Nyeusi ti.

Programu imejisasisha yenyewe, ruhusa imepotea. Tiba naijua kwa moyo: ruhusu, funga, fungua. Maneno matatu! Lakini Dada alikuwa palepale, kwenye kidirisha kidogo cha kamera, mikono ameikunja kifuani, akauliza kwa upole wa hakimu kama leo mdogo wake anaona. Na Baba alikuwa akinitazama kwa tumaini lisilovumilika.

Nimeshawajibu. Naona vizuri, Baba. Ya chini ndiyo nzuri, ya juu futa.

Ko!