Kobe wa Mama Mkwe na Kitalu cha Saladi

Jumapili, 9 Oktoba
Mke wangu Roswitha ameondoka. Wiki tatu kwenye mabwawa ya maji moto huko milimani, kwa ajili ya mgongo wake. Nimebaki mimi na Ottilie. Ottilie ni kobe wa marehemu mama mkwe. Ana miaka hamsini na minane, na nyumbani anaheshimiwa kuliko mimi.

Maagizo kurasa nne! Nimjengee kizimba cha nje kwenye bustani yetu tuliyokodishwa na chama cha wapenda bustani, apate jua la mwisho. Mbao za pembeni nizizike sentimita thelathini, maana kobe huchimba. Kuanzia tarehe kumi na tano nisimlishe. Nimwogeshe maji vuguvugu, tumbo lisafike. Mwisho wa mwezi alale usingizi wake wa majira ya baridi kwenye friji, nyuzi joto tano, ndani ya sanduku la majani makavu, mpaka Machi. Nimpime uzito kila siku. Kisha pale stesheni akaniambia kwa upole, na upole wa Roswitha unatisha, kwamba huyo ndiye mama aliyebaki naye. Nikimpoteza, nisijisumbue kuja kumpokea.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kazi gani kumchunga mnyama anayelala nusu mwaka?

Jumanne, 11 Oktoba
Tatizo dogo. Kanuni ya tisa ya chama: mifugo marufuku bustanini. Mwenyekiti wetu, Bwana Pfitzner, huisoma kwa sauti kila mkutano huku akinitazama mimi. Huyu ni mtu anayepima ua wa jirani kwa futi ya chuma hata akiwa amekuja kutoa pole ya msiba.

Lakini mimi si mjinga! Kanuni ya tatu inasema theluthi ya kila bustani iwe mboga. Basi kizimba changu ni kitalu cha saladi. Nimepanda miche kumi na minane. Ottilie atakaa chini ya majani, hakuna wa kumwona. Huenda nikapewa cheti.

Nilipigilia msumari wa mwisho saa saba na dakika nne mchana. Saa ya utulivu, wakati kelele ni marufuku, huanza saa saba kamili. Pfitzner akatokea kama ameota ardhini. Nikamfunika Ottilie kwa karai. Akauliza tangu lini saladi inajengewa ukuta. Nikasema kwa sababu ya konokono. Akauliza saladi gani ya Oktoba. Nikasema ya Kirusi. Karai likasogea kidogo. Nikaliwekea mguu. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaenda zake.

Sentimita thelathini sikuziweza, udongo mgumu. Nimezika tatu. Kikongwe yule achimbe kwa nguvu gani?

Alhamisi, 13 Oktoba
Ottilie amekula kitalu chote. Miche kumi na minane! Ushahidi wangu wote uko tumboni mwake. Nimenunua saladi sokoni, nikazichomeka ardhini bila mizizi. Kwa mbali zinapendeza.

Ijumaa, 14 Oktoba
Hayupo. Mungu wangu, hayupo! Chini ya ubao kuna shimo safi kabisa, kana kwamba fundi amelichimba. Nimetambaa kwa magoti bustani nzima mpaka suruali ikachanika. Bibi Zschoche, jirani wa kushoto, aliniuliza kutoka upande wa pili wa ua kama nasali. Nikasema ndiyo. Haukuwa uongo.

Saa kumi na mbili jioni Roswitha akapiga simu. Uzito? Mkate wa shayiri nyeusi ulikuwa mezani. Nikauweka kwenye mizani ili nisidanganye kabisa. Kilo moja na gramu mia mbili na arobaini. Roswitha akafurahi sana.

Jumatatu, 17 Oktoba
Siwezi kutangaza kobe aliyepotea mahali ambapo kobe ni marufuku. Nimebandika tangazo kwenye ubao wa chama: "Limepotea bakuli la supu la kizamani, rangi ya kahawia, kumbukumbu ya marehemu mama mkwe. Limelala kifudifudi. Huenda limesogea."

Pfitzner alilisoma mara mbili. Akaniuliza kama nina lolote la kuongeza. Nikasema hapana. Akasema, "Fikiria vizuri, Krummbiegel." Mtu mwenye roho mbaya!

Alhamisi, 20 Oktoba
Bibi Zschoche ameniletea mabakuli matatu, machozi yakimlengalenga, akinisihi nichague mojawapo nipumzishe moyo. Nimechukua lenye maua. Si kobe, lakini ni zuri.

Simuni mambo yameharibika. Ule mkate nimekuwa nikiula. Leo umebaki kilo moja na gramu themanini. Roswitha akapiga ukelele: kobe akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, roho yake iko hatarini! Ananuka? Macho yake vipi? Nikasema macho sijayaona.

Kesho nitanunua mkate mwingine.

Jumatano, 26 Oktoba
Mkate mpya ulikuwa mkubwa mno. Roswitha amehesabu kwamba Ottilie ameongezeka gramu mia nne bila kula. Hili, anasema, halijawahi kutokea duniani. Anarudi Jumamosi badala ya Jumapili, treni ya saa kumi.

Leo asubuhi kulikuwa na barafu juu ya nyasi. Nimesimama mbele ya shimo lile. Kikongwe yule yuko peke yake kwenye baridi hii, kwa sababu ya sentimita ishirini na saba. Nimelia, naandika hapa bila aibu. Miaka thelathini na moja ya ndoa. Nitamwambiaje?

Jumamosi, 29 Oktoba
Siku ya kazi ya pamoja. Kila mwanachama lazima, hata aliyefiwa. Tunafunga mabomba ya maji kabla ya majira ya baridi na kukusanya majani. Nimeshika reki, saa inakimbia. Mara namwona Pfitzner anajaza majani makavu kwenye gunia, anachungulia huku na huku, ananyemelea jengo la chama. Ahaa! Majani ni mali ya wote, kanuni ya kumi na nne! Kama ndoa yangu inazama leo, huyu atazama nami.

Nikamfuata mpaka jikoni. Friji lenye kibandiko "Kumbukumbu za vikao, usifungue" lilikuwa wazi. Pfitzner amepiga magoti, kipimajoto mkononi, ananong'ona maneno matamu ambayo sikujua anayo. Ndani, masanduku mawili ya majani. Makobe wawili! Wa kulia ana doa la rangi nyekundu ya kucha mgongoni, alilopakwa na mama mkwe mwaka wa harusi yetu.

Nikakaa sakafuni. "Funga mlango, Krummbiegel, joto linaingia," akasema.

Alimkuta Ottilie tarehe kumi na nne kwenye karoti zake. Amemwogesha, amempima kila siku. Alikuwa akingoja tu niseme ukweli, lakini mimi nikatafuta bakuli. Yule mwingine ni Balthasar, wa marehemu mkewe. Kanuni ya tisa aliiandika mwenyewe, mwaka mmoja kabla mkewe hajamleta nyumbani. Ana miaka kumi na moja anamficha. Nikamkumbatia. Alinuka majani na sabuni. Hakupenda, lakini hakujitoa.

Saa kumi nilikuwa stesheni, na maua.

Jumapili, 30 Oktoba
Nimelala usingizi wa mtoto! Roswitha amemwona Ottilie: hai, mzito, ametulia. Alimpima mwenyewe, kilo moja na gramu mia tatu na kumi, akasema mizani yetu ya nyumbani imeharibika, akanibusu mbele ya mwenyekiti. Nilisema nilichagua friji la chama kwa sababu lile letu la ghalani limejaa bia. Pfitzner alitazama dari. Baadaye Roswitha aliuliza mbona mizani ya nyumbani ina chembe za mkate, na bakuli lenye maua limetoka wapi. Nimesema nitamweleza baada ya chakula. Ni lazima nitafute maelezo.

Pfitzner amenitaka nimwahidi mambo mawili: niwe mkweli, na mbao nizizike sentimita thelathini kabla ya Machi. Nimeahidi yote kwa moyo mkunjufu. Udongo ule lakini! Kumi zinatosha, Ottilie sasa amejifunza.

Bibi Zschoche, kwa bahati, anatoa bure kuku watatu watagaji. Nimemwambia nitakuja Jumanne kuwachukua. Nimeshasoma kanuni zote upya: kuku wangu si mifugo, ni mbolea, na kuhusu mbolea hakuna hata mstari mmoja unaosema lazima iwe imekufa.