Uzito Elfu Moja wa Kamera Yangu

Jumanne, 4 Machi
Mkutano. Mtaalamu wetu, tunayemwita Hesabu, kaleta programu ya kugawa umeme wa setilaiti. Betri moja, midomo mitatu: kamera yangu, redio ya Bi Redio, na hita ya kuzuia vyombo visigande. Kila mtu aandike uzito wa chombo chake, moja hadi kumi, na saa anayotaka umeme. Programu itatafuta mgawo wenye faida kubwa kuliko yote. Akatusihi tuwe wakweli. Wakweli! Na Bi Redio yumo?

Ijumaa wageni wanakuja. Picha ya mji ikipendeza, ukuu wa chumba hiki cha kuongozea setilaiti ni wangu. Mama mkwe nimeshamwalika. Nimemwahidi ataliona bati lake jipya kutoka angani.

Jumatano, 5 Machi
Mgawo umetoka. Kamera dakika mbili, redio kumi na moja! Mimi niliandika kumi, Bi Redio ati sita tu. Hesabu akasema kamera inakula sana. Nikamjibu hata mimi nyumbani nakula sana na sinyimwi. Si kweli, lakini atajuaje?

Alhamisi, 6 Machi
Hesabu kaenda kung'oa jino. Kompyuta kaiacha wazi. Ngojangoja huumiza matumbo! Kumi yangu nikaiongezea sifuri mbili: elfu moja. Hita imefungwa, haibadilishiki (nilijaribu). Saa ya picha? Jua huwa zuri saa nne asubuhi. Nikaandika 4.

Kamera sasa ina dakika kumi na mbili. Redio imebaki na moja, ya kuteremshia picha zangu. Nimempita Bi Redio nikipiga mluzi.

Ijumaa, 7 Machi
Picha zimefika saa mbili asubuhi, kabla hata hazijapigwa! Ufanisi ulioje! Nikakataza mtu kuzifungua mpaka wageni waketi.

Zimefunguliwa. Arobaini. Zote nyeusi tii.

Hesabu, shavu limemvimba, akawaeleza wageni kwamba programu huanza kuhesabu saa kuanzia saa sita usiku. Nne yangu ilikuwa saa kumi usiku, kabla ya alfajiri. Bi Redio akacheka hadi akashika meza. Mama mkwe akasogea kwenye skrini, akauliza bati lake liko wapi. Nikaonyesha tu popote. Akaguna kwamba giza hilo analifahamu, ndimo alimomwozesha binti yake. Nimeumia, sifichi.

Jumatatu, 10 Machi
Bi Redio ndiye mkuu wa chumba. Mimi nimeachiwa kugawa umeme wa jenereta: feni, printa na birika la chai. Programu ni ile ile.

Lakini nimetafakari siku mbili nzima na kosa langu nimeligundua. Elfu moja ilikuwa ndogo. Kesho watakunywa chai ya moto kwa wakati wake, na watajua nani ni nani.

Birika: milioni moja. Saa ya chai: 4.