Parasoli ya Kumrudisha Patrice

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Desemba ijayo itatimia miaka ishirini na mitano tangu nitoke kwetu Pweto, mji wa ziwani mpakani na Zambia. Naandika haya Likasi, uani kwa binti yangu Élisabeth. Nimekaa peke yangu. Peke yangu! Saa kumi jioni, saa ya mazungumzo, na kiti cha Patrice kitupu.

Patrice ndiye mtu wa Pweto pekee aliyebaki katika mtaa huu. Tulikimbia vita pamoja, tukavuka kuingia Zambia tumebeba godoro moja, yeye mbele, mimi nyuma. Tangu tufike Likasi huja kwangu kila jioni. Tunazipanga upya nyumba za Pweto, mlango kwa mlango, kuanzia ziwani. Mara ya mwisho tulifika kwenye kinu cha unga, tukabishana kilikuwa upande gani wa njia. Sasa wiki nzima hajaonekana. Élisabeth anasema yuko kwa Papa Gaston, jirani wa ukuta wa kushoto.

Nilipanda juu ya ndoo nikachungulia. Niliyoyaona! Gaston, dereva mstaafu wa malori ya mgodi wa Kakanda, amejenga payote, kibanda cha nyasi kisicho na kuta, chenye sakafu ya saruji. Ndani, viti vya mito. Kando, jiko la kuchomea nyama lenye magurudumu. Kwa nini jiko liwe na magurudumu? Linakwenda wapi? Na Patrice ameegemea mto kama chifu.

Nimeelewa. Nimenyang'anywa rafiki kwa vifaa.

Jumanne, 23 Septemba

Nimechungulia tena, kwa utafiti. Patrice alikuwa akimwuliza Gaston mvua itaanza lini mwaka huu, na kama inaweza kuwahi. Aliuliza mara mbili, kwa wasiwasi. Basi! Anaogopa kunyeshewa. Payote ina paa. Kwangu kuna anga.

Nimekwenda sokoni nikanunua parasoli, mwavuli mkubwa wa uani, rangi ya machungwa. Muuzaji aliapa kuwa inazuia jua na mvua. Nikamwuliza, na upepo? Akasema upepo ni mambo ya Mungu. Nilipenda jibu hilo, nikanunua.

Élisabeth aliitazama kwa muda mrefu. Akaniambia: "Papa, muntu haendi kwa mwenzake sababu ya kivuli." Nikamwuliza, sababu ya nini basi? Akasema niende nikamwulize Patrice. Watoto hawajui mbinu.

Jumatano, 24 Septemba

Upepo.

Septemba ya Likasi ina vile vimbunga vidogo vya vumbi jekundu, vinavyozunguka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kimoja kiliingia uani, kikaichukua parasoli, kikaivusha ukuta. Sauti ya Gaston ikafuata: "Mwalimu! Parasoli yako imekuya kutusalimia. Tumeipatia kiti!" Kisha kicheko. Kicheko cha Patrice nakijua, huanzia puani.

Nilikwenda kuichukua. Patrice alinishika mkono, akasema ana neno la kuniambia, tusogee kando kidogo. Nilimwambia neno lake lina mahali pake, nalo ni uani kwangu, chini ya kivuli changu. Gaston akadokeza kwamba mguu wa parasoli hujazwa maji kwanza ili uwe mzito. Nilimjibu kwamba najua.

Sikujua. Nimeujaza. Unavuja. Karatasi ya maelekezo ni ya Kichina, na picha yake inaonyesha tu mtu anayetabasamu.

Ijumaa, 26 Septemba

Siku ya mavuno. Nikiwa juu ya ndoo nimesikia maswali mawili ya Patrice. Kwanza, kama kiti kile cha turubai cha Gaston kinakunjika kiasi cha kuingia nyuma ya siti. Pili, mbele kunakaa watu wangapi. Gaston akajibu: "Dereva na wawili, kama banapendana."

Swali la pili lilinisumbua. Mbele ya nini? Nilizunguka ua mara kadhaa. Mwishowe nikaelewa: mbele ya nyumba! Patrice hataki kukaa uani kama kuku. Anataka benchi barazani, la watu watatu, na kiti cha kukunja cha akiba. Angenieleza tu, ningemsikiliza.

Nimenunua viti viwili vya kukunja. Kimoja kilijikunja nikiwa ndani. Élisabeth na jirani mmoja walinitoa. Benchi nimelipata kwa seremala, mbao nzuri, nyeupe. Lakini mchwa wa hapa hula benchi kabla hujalizoea. Dawa inajulikana kwa kila mtu: vidanji, yale mafuta machafu ambayo mafundi huyatoa kwenye injini. Watu hupaka nguzo za uzio. Nimepaka benchi lote, juu na chini. Limekuwa jeusi na linang'aa kama gari la waziri.

Élisabeth aliuliza kama nguzo ya uzio hukaliwa. Sikuelewa swali. Nimemtumia Patrice salamu: Jumapili, baada ya ibada, kwangu.

Jumapili, 28 Septemba

Nina aibu kuandika. Naandika.

Patrice alikuja. Alivaa suti ya rangi ya maziwa ambayo sijawahi kuiona. Nikamsifu. Akasema ameishona kwa ajili ya siku ya kuingia, na leo alikuwa akiijaribu tu, ili niione. Kuingia wapi? Kanisani alikuwa ameshaingia na kutoka. Nilimwonyesha benchi. Macho yake yaling'aa. Akasema: "Mwalimu, weye umefanya kazi." Akakaa katikati, akapigapiga nafasi ya pembeni kwa kiganja ili nikae naye. Akaanza: "Mwalimu, minye napenda tuongee mambo ya kwetu."

Nikasema vema, tulifikia kwenye kinu cha unga. Akatikisa kichwa, si hivyo. Akainuka ili aseme vizuri, kama mtu anayetoa hotuba. Akageuka.

Ee Mungu wangu. Mbao tano za benchi zilikuwa zimejichora mgongoni mwake na makalioni, nyeusi, zimenyooka kama mistari ya daftari.

Élisabeth alipiga kelele. Patrice alijipapasa, akatazama kiganja chake. Kisha akasema kwa upole anaihitaji suti hiyo kabla ya Jumanne, kwa sababu lori halitamsubiri. Nilimwahidi suti itatakata. Lakini lori na suti vinahusianaje? Suti haifuliwi kwenye lori. Alivaa gauni la kitenge la Élisabeth akaenda nyumbani kupitia uchochoro wa nyuma. Gaston alimwona. Nilisikia: "Mama Patrice, bonsoir!"

Jumatatu, 29 Septemba

Tumefua kwa mafuta ya taa, kwa sabuni ya unga, kwa ndimu. Mistari imefifia kutoka nyeusi hadi kijivu. Nikamwambia Élisabeth, mtu akitazama kwa mbali ni kama mtindo. Hapo akaitupa suti ndani ya beseni, akasema yote kwa pumzi moja.

Patrice anarudi Pweto. Dadake bado yuko hai, nyumba ina paa. Shemeji wa Gaston ana lori linalokwenda kupitia Kasenga, kesho, kabla mvua haijaharibu barabara. Ndiyo sababu alikuwa kwa Gaston. Mtaa mzima unajua. Amejaribu kuniambia tangu Jumatano, na kila akifungua mdomo namwonyesha kifaa.

Nilikwenda kwake na suti mbichi mkononi. Alikuwa akifunga gunia. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema: "Nilisema, Mwalimu. Uliniambia minye niangalie benchi." Kisha akasema kwamba mbele, pembeni mwa dereva, kuna nafasi mbili. Moja yake. Ya pili aliiomba kwa Gaston siku ile ile ya kwanza, kwa jina langu. Suti alitaka niione ili nami nishone yangu, tuingie Pweto pamoja, tumevaa sawa, watu waone hatukuharibika.

Nilikaa juu ya gunia. Nilimwambia Madeleine wangu amezikwa hapa Likasi, na mke hahamishwi. Nilimwambia Élisabeth amezaliwa kule lakini hakumbuki hata mti. Nilimwambia pia kwamba benchi linahitaji mkono wa pili wa mafuta. Hilo la mwisho sijui lilitoka wapi. Patrice alisema, sawa, Mwalimu. Alisema kinu kilikuwa kulia. Nikasema kushoto.

Jumatano, 1 Oktoba

Lori limeondoka jana asubuhi. Patrice alivaa suti yenye mistari. Nilimpa kiti cha kukunja, kile kisichojikunja chenyewe. Kiliingia nyuma ya siti barabara kabisa. Kwenye nafasi ya pili alikaa mama mmoja mwenye kuku watatu. Gaston alisimama karibu nami akapunga mkono, na sote wawili tulipigwa vumbi.

Leo nimefikiri kwa utulivu, bila hasira, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Halikuwa dadake. Halikuwa paa la Pweto. Lilikuwa ni benchi bila mto. Mtu wa umri wake, mgongo unauma, atakaaje miaka mingi juu ya ubao? Angekuwa na mto hapa, na payote, na jiko lenye magurudumu, asingefikiria Kasenga. Nimemwita seremala. Payote yangu itakuwa na pembe sita, ya Gaston ina nne. Nguzo nimekwisha kuzipaka vidanji.

Jioni Gaston alipiga hodi, peke yake, akasema kwake pamekuwa kimya, je, anaweza kukaa nami kidogo? Nilimwonyesha benchi. Alilitazama, akabaki amesimama. Tuliongea hadi giza likaingia, yeye wima, mimi kwenye kiti changu, kinachojikunja. Aliniuliza kama lori litakapokwenda tena baada ya mvua anishikie nafasi.

Nilimwambia asishike. Pweto sitarudi.