Jirani Anayetunza Mboga Zisizo Zake

Bustani Namba 14,
Nyuma ya Reli, Cawthwaite
Agosti 28

Kwa Bibi Hepworth, Katibu wa Kamati ya Bustani,

Salamu, na pole kwa joto. Namshtaki kwako jirani yangu wa namba 15, Bwana Desmond Pickersgill, kwa kutunza mboga zisizo zake.

Kama ujuavyo, mume wangu Cyril alifariki Juni, mboga alizopanda zikiwa ndiyo kwanza zimeshika. Mwezi uliofuata mliniandikia kwamba bustani ikikutwa na magugu mwisho wa Agosti, atapewa mtu mwingine. Nilishukuru. Kuirudisha kwenu kwa mkono wangu nisingeweza, kunyang'anywa ningeweza. Nikakaa nyumbani, nikawa nachungulia dirishani na kuyaombea magugu heri. Sasa tazama:

1. Kila asubuhi Desmond anamwagilia nyanya za Cyril. Zimeiva nyekundu bila haya.

2. Anapalilia. Kulikuwa na gugu moja kando ya vitunguu nililolitegemea sana. Aliling'oa huku akipiga mluzi.

3. Ananiachia mamung'unya mlangoni. Jumatatu matatu, Jumatano saba, jana moja zito kama mtoto wa miezi mitatu, amelifunika gazeti. Nimepika supu, keki na achari. Paka amehamia kwa watu. Ikabidi niende kumkanya, mara yangu ya kwanza kukanyaga bustanini tangu mazishi. "Desmond, nani amekutuma?" Hata hakuinuka. "Maharage hayajui matanga, Winnie. Yakikomaa yamekomaa. Shika kikapu."

4. Nikakishika. Hapa ndipo aliponikosea zaidi. Nilichuma mpaka saa sita mchana, na nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba nimecheka mara mbili. Cyril hajamaliza hata miezi mitatu kaburini.

Kwa hiyo naomba ahamishiwe bustani ya mwisho kabisa, kule kwenye konokono, ili nami nipate haki yangu ya kunyang'anywa kwa amani.

Nisalimie wanakamati wote, mumeo, na kuku wako, hasa yule anayechechemea.

Wako mtiifu,
Winifred Oldroyd

Tanbihi: Usimhamishe kwanza. Nimesikia sasa hivi kwamba Jumanne anapasuliwa goti, wiki sita haruhusiwi kuinama, na hakumwambia mtu. Tafadhali nipe ufunguo wa lango lake, maana viazi vyake bado viko ardhini. Akikuandikia barua kunilalamikia, ichane.