Deki Isiyokata Tamaa

Jumatatu, 6 Mei

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Naogopa diski.

Si diski zote. Moja tu. Ya harusi ya Mama Mdogo, inayokaa kabatini kwa Bibi katikati ya mashuka.

Nilikuwa na miaka sita. Nilipewa maua nishike. Nikashika. Kisha mshereheshaji akaenda kunywa soda, nikashika na kipaza sauti. Nikapanda jukwaani, pengo la meno mawili mbele, nikautangazia ukumbi mzima kwamba na mimi naolewa leo. Wakaja kuninyang'anya. Nikakimbia nacho kuzunguka keki. Yote yamo.

Yule mtoto alikwenda wapi, sijui. Huyu aliyebaki akiulizwa swali na mwalimu hutikisa kichwa. Shuleni tunafundishwa kwa lugha nyingine, kwa hiyo mimi nanyamaza kwa lugha mbili. Siri naziandika kwa hii ya nyumbani. Kwa ile ya shule zinafanana na majibu ya mtihani.

Sasa balaa. Deki ya hapa nyumbani, ile ya kuchezea diski, ilikufa mwaka juzi. Leo Mjomba, ambaye ni fundi wa redio na deki na karakana yake ni chumba cha mbele, ameifufua. Bibi akapiga vigelegele. Akatangaza mezani kwamba Jumamosi Mama Mdogo na mumewe wanakuja, tutatazama harusi yao, na jirani mshona mapazia aje, na mwanawe pia.

Mwanawe! Mrefu! Yule anayenisalimia kila asubuhi getini, nami namjibu kwa kulitazama begi langu.

Jumamosi haitafika. Yaani itafika, lakini deki haitacheza. Naapa.

Jumanne, 7 Mei

Mpango wa kwanza. Kitabu cha fizikia kinasema leza inasoma vijishimo vidogo kuliko vumbi. Nikawaza, kitu chenye maringo kiasi hicho hakiwezi kuvumilia kuinama. Nikaweka kiberiti chini ya mguu mmoja wa deki. Ikacheza. Nikaongeza kamusi. Ikainama kama kitanda kilichovunjika tendegu, na bado inacheza.

Mjomba akanikuta. Nimekwisha, nikasema moyoni. Kumbe amefurahi! Alidhani nafanya utafiti. Akaisimamisha deki kwa ubavu, kama kitabu rafuni, muziki ukaendelea. Akanieleza kwamba lenzi haikukaa juu ya kitu kigumu. Inaning'inia kwenye nyaya nyembamba kama unywele, na koili ndogo zinaipandisha, zinaishusha, zinaisogeza huku na huku. Kuna jicho la kupima mwanga unaorudi. Mwanga ukififia, lenzi inapanda au kushuka. Ukienda pembeni, lenzi inaufuata. Huo ndio mfumo wa sevo. Hakuna diski iliyonyooka duniani, akasema. Zote zinayumba, na deki inayumba nazo.

"Haingoji ikosee sana, mwanangu. Inakosea kidogo kidogo na kujirekebisha, mchana kutwa."

Alisema hivyo kwa sauti ambayo wazazi wengine huitumia kusifia watoto wao. Mtoto wake mwenyewe, binamu yangu, alikuwa mlangoni. Tunamwita Meneja kwa sababu ameshapanga nani atakaa kiti gani Jumamosi. Akauliza tangu lini mimi napenda deki. Nikatikisa kichwa. Ananichunguza sana yule.

Jumatano, 8 Mei

Bibi alipokwenda kuoga nikaitoa diski kwenye mashuka. Nikaipiga mstari mweusi wa kalamu, mnene, kutoka katikati mpaka ukingoni. Nikaijaribu, sauti nimezima.

Deki iliguna. Picha ikashtuka kidogo. Kisha ikapita! Kama mtu anayeruka dimbwi na viatu vipya. Nikafuta mstari kwa pamba na spiriti, nikilia bila machozi.

Lakini sikiliza. Jioni Meneja alikuwa anafuta diski ya mteja kwa kuzungusha kitambaa, Mjomba akamwakia. Katikati kwenda nje! Katikati kwenda nje! Katika nyumba hii tumefundishwa hilo kabla ya kufunga kamba za viatu. Sijawahi kuuliza kwa nini. Leo nikauliza. Kwa mdomo! Mjomba nusura aangushe bisibisi.

Akajibu kwamba njia ya diski inazunguka kama gamba la konokono, kutoka ndani kwenda nje. Uchafu unaoikata njia ni kitu kidogo; deki inauruka, inajaza pengo kwa hesabu. Uchafu unaozunguka pamoja na njia, huo ndio adui. Deki inakosa pa kushika.

Asante, Mjomba. Asante sana.

Alhamisi, 9 Mei

Kabla ya uchafu wa kuzunguka, nimeona nijaribu njia rahisi. Deki ilikuwa mezani karakanani, kifuniko hakijatiwa skrubu. Nikabandika kibandiko cha chungwa juu ya lenzi. Chap!

Lo, raha iliyoje! Lenzi ikapanda, ikashuka. Ikapanda, ikashuka. Ikajaribu tena. Mota ikajizungusha, ikachoka, ikasimama. Kioo cha deki kikaandika hakuna diski. Nilicheza peke yangu chumbani mpaka soksi ikatoboka.

Ushindi uliishi hadi chai ya jioni. Mjomba aliisikia deki kutoka bafuni, ana povu kichwani. Akasema inatafuta, haioni, ngojeni. Akaifungua na taulo kiunoni. Akakitoa kibandiko, akauliza ni nani anayekula machungwa juu ya mitambo. Macho yote kwa Meneja, ambaye hula machungwa kutwa. Akapewa kazi ya kufagia karakana!

Nusu ya ushindi, basi. Lakini kifuniko sasa kimekazwa skrubu zote, na Meneja ameapa kuilinda deki mwenyewe.

Imebaki diski.

Ijumaa, 10 Mei

Nimepiga hesabu. Diski inasomwa kuanzia ndani. Maua na viapo viko ndani, keki iko nje, mimi niko katikati. Nikachovya kidole kwenye mafuta yangu ya nywele, yale ya waridi, nikachora duara moja safi pale nilipo. Halionekani mpaka uinamishe diski kwenye mwanga. Deki itapotea njia, itakata tamaa, kioo kitaandika hakuna diski, watu watakunywa chai na kwenda zao. Nikairudisha kwenye mashuka. Mimi ni hatari.

Saa moja baadaye Bibi akaniita nimsaidie kupiga pasi gauni lake. Akaniuliza kama nakumbuka Babu alivyocheza siku ile. Nikasema sikumbuki. Akasema nitamwona kesho, anatokea mara tu baada ya yule mtoto mwenye kipaza sauti. Picha za Babu za ukutani anazo tele, lakini zote zimesimama.

"Hapo tu ndipo anapotembea," akasema, akanyoosha kola ambayo ilikuwa imeshanyooka.

Pasi nusura iniunguze.

Nataka kuifuta sasa hivi. Bibi amefunga kabati na amelala juu ya ufunguo. Kesho asubuhi, basi. Mapema.

Jumamosi, 11 Mei

Mapema! Meneja alikuwa mapema kuliko mapema. Aliichukua diski kwa Bibi, akaitia kwenye deki, akavuta kiti na kukaa mbele yake kama askari wa benki. Nikamwambia anaitwa jikoni. Akasema waje wamwite wenyewe.

Wageni wakafika. Mama Mdogo na mumewe wakakaa kochi la katikati, mshona mapazia kando ya Bibi, na Mrefu, kwa mpangilio wa Meneja, kiti cha karibu kabisa na changu. Magoti yake yalimfika kifuani. Akanisalimia. Nikalitazama zulia.

Maua. Viapo. Mama Mdogo akimcheka mumewe kwa suti iliyombana. Kisha nikapanda jukwaani. Mapengo. Kipaza sauti.

"Na mimi naolewa leo!"

Deki ikaguna. Ikarudi nyuma kidogo.

"Na mimi naolewa leo!"

Ikaguna. Ikarudi.

"Na mimi naolewa leo!"

Haikukata tamaa! Hilo ndilo kosa langu lote. Kila ilipopotea, ilikuta njia nzuri hatua moja nyuma yake, ikaishika kwa furaha na kuanza upya. Mjomba alisimama kama mtangazaji wa mpira. Imepoteza njia, akasema. Inarudi. Imeshika! Imepoteza tena. Mioyo ya namna hii siku hizi haitengenezwi, akasema, na kwenye runinga mimi naolewa, na naolewa, na naolewa. Mume wa Mama Mdogo alikuwa sakafuni. Mshona mapazia alijifuta macho kwa pazia letu.

Kisha Bibi akaacha kucheka.

"Na mzee wangu je?" akauliza. "Hatafika?"

Nikasimama. Nikampita Meneja, nikabonyeza kitufe, trei ikatoka. Mrefu akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Unaolewa na nani?"

Sijui aliyejibu ni nani. Nadhani ni yule mtoto.

"Mpiga picha," nikasema. "Alikuwa na peremende mfukoni."

Paa lilibaki mahali pake kwa bahati tu. Mrefu alicheka mpaka magoti yakagongana, na sikutaka kufa. Ajabu! Nilingoja nitake kufa, haikuja.

Mjomba akaichukua diski, akaiinamisha kwenye mwanga. Akainusa. Akanitazama nywele. Nikangoja hukumu.

"Kwa mduara?" akanong'ona. "Ndani ya nyumba hii?"

Hakuuliza kingine. Nikaifuta kwa pindo la gauni langu, katikati kwenda nje, katikati kwenda nje, watu wote wakitazama, na Meneja akihesabia kama mwalimu wa gwaride.

Babu akafika. Kofia upande, anacheza kwa mabega peke yake kwa sababu magoti yalishamgomea. Akamsogelea Bibi kwenye picha, akamwinamia. Bibi wa kwenye kochi akaweka mkono shavuni. Picha ilipopita akasema neno moja tu, rudisha. Tukarudisha. Tukarudisha tena. Kila mara alitaka kuanzia kwa yule mtoto, eti bila yeye Babu anatokea ghafla mno.

Nimejitazama mara nyingi kuliko nilivyojitazama kwenye kioo. Nilikuwa mzuri.

Jumapili, 12 Mei

Nimejifunza! Kuanzia leo sitaigusa tena diski ya mtu.

Jambo dogo tu. Asubuhi Mrefu alinisalimia getini, nikasema nzuri. Neno zima! Akanipa diski yake, ya mchezo wa shule alipokuwa darasa la pili. Aliigiza mti, akamwangukia mwalimu. Akasema ni haki na mimi nimcheke. Anakuja jioni hii tuitazame.

Nimeijaribu. Ni fupi kama kupiga chafya! Mti unaingia, mti unaanguka, watu wanapiga makofi, na Mrefu anakwenda kwao.

Lakini deki ikipotea njia kidogo, pale mti unapoanza kuyumba? Ikirudi, ikirudi, ikirudi? Angekaa mpaka chakula cha jioni. Safari hii nimetumia mafuta yasiyo na harufu. Duara jembamba. Nimeshapaka. Hakuna atakayejua.

Naandika karakanani, kando ya deki, kwa sababu nyumba yote imelala usingizi wa mchana. Mjomba alisema wakati wa chakula kwamba ana wasiwasi lenzi imerukiwa na mafuta jana, akiamka ataitazama. Ataamka saa ngapi, huyo.

Kandambili ukumbini. Bisibisi inagongana na funguo mfukoni. Zinakuja huku. Karatasi hii niifiche wapi? Chini ya kamusi, Meneja ataiona. Mfukoni, itachungulia.

Nimepata! Mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja atakayefikiria kufungua. Naikunja mara mbili, naibonyeza trei ya deki,