Uzinduzi wa Gari Jepesi Kuliko Yote

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetuma udhuru. Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, uliyetuma udhuru pia. Wakuu wa vitengo, wasaidizi wao na makaimu wa wasaidizi wao. Wajumbe wa Kamati ya Uzito. Mama watoto wangu hapo safu ya mbele. Shemeji yangu fundi pikipiki hapo nyuma, ambaye naomba ashushe mkono kwa kuwa maswali ni mwisho. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi, kutoka safu mbili zilizoagizwa.)

Nasimama mbele yenu, Mkurugenzi wa Idara ya Ubunifu, nikiwa nimejaa unyenyekevu na kitambi (kicheko cha tahadhari), kuzindua mradi wa pailoti wa gari jepesi la mbio za uwanjani linalokwenda kwa injini ya pikipiki, mradi ambao kwa miezi tisa umepitia upembuzi yakinifu, upembuzi yakinifu wa ule upembuzi yakinifu, semina kumi na nne za kujenga uwezo, na ziara moja ya mafunzo niliyolazimika kwenda peke yangu, kwa uchungu mkubwa, maana hoteli ilikuwa na bwawa moja tu la kuogelea.

Wataalamu walitueleza kwamba injini ya pikipiki ina mbio lakini haipendi mizigo, hivyo tukaunda Kamati ya Uzito chini ya uenyekiti wangu, na kwa kuwa nilikuwa nimejiteua pia dereva wa majaribio, fremu ikachorwa kwa vipimo vyangu. Hesabu zikaonyesha tumezidi tageti kwa kilo hamsini na tano. Kikao cha kwanza kikaondoa milango. Cha pili kikaondoa paa na kioo cha mbele. Cha tatu kikaondoa kiti cha abiria, kwa hoja kwamba gari la mbio si mahali pa kupigia soga. Cha sita kikaondoa magurudumu mawili. Mhandisi wetu alipolalamika tukampandisha cheo, sasa yuko maktaba. Tulipunguza, waheshimiwa, tukapunguza tena, na kila nilipowauliza wajumbe ni nini kingine kizito kimebaki, walinitazama mimi, wakatazama dari, wakaomba mapumziko ya chai. (Minong'ono. Mjumbe mmoja anatazama dari.)

Naam, kuhusu injini. Tuliiazima kwa shemeji kwa wiki moja, tuipime tu, na tangu hapo pikipiki yake imekaa kibandani kama kinywa kilichong'olewa jino, naye anawafuata wateja kwa miguu na sanduku la spana kichwani, akifika anakuta fundi mwingine keshamaliza kazi. Amefika ofisini kwangu mara kumi na moja, na mara zote, kwa mujibu wa takwimu zetu, amepewa chai. Huo ni ufanisi wa asilimia mia moja. (Fundi amesimama. Hataki kukaa.) Haya, shemeji, sema, sisi ni watu wa uwazi.

"Shemeji, jibu nilikupa siku ya kwanza. Hizo kilo zinazozidi umezivaa wewe. Ama uweke dereva mwembamba, ama unirudishie injini yangu nile."

(Ukumbi unacheka. Mama watoto anacheka kuliko wote.)

Maoni ya mdau yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Wepesi kwanza! (Ukumbi unaitikia: Gari baadaye!) Ubunifu juu! (Juu zaidi!)

Nikihitimisha, namshukuru seremala kwa mabenchi mawili, na mpishi wa kantini kwa beseni lake kubwa, ambavyo vikifunikwa turubai, kama hivi hapa kando yangu, vina umbo la gari la kupendeza sana. Naishukuru Kamati ya Uzito, ambayo baada ya kuondoa kila kilichochorwa haikubakiwa na cha kujenga, hata boliti moja, na kwa hiyo haikujenga. Na namshukuru kipekee shemeji, kwa injini ambayo haijawahi kutoka kwenye gunia lake. Iko chini ya meza yangu, nimekuwa nikiegemezea miguu. (Fundi anatoka. Anarudi na gunia begani. Makofi, safari hii bila kuagizwa.)

Usiende mbali, shemeji. Dereva wa idara nimempa likizo, basi ukishaifunga hiyo injini unipitie hapa, unifikishe nyumbani.

(Mama watoto, akichukua mkoba wake: "Nyuma ya pikipiki anakaa mtu mmoja, baba watoto, na huyo mtu ni mimi.")

Basi natangaza rasmi kwamba Kamati imempata mwenye zile kilo hamsini na tano, na kwamba anaanza kuzipunguza leo hii, kwa miguu. Asanteni kwa kunisikiliza. Kama kuna anayeelekea njia ya sokoni, tutembee wote.